Msukosuko unaoulisha mkondo

Mtoto wa jirani yangu ana bua la jani la mpapai na kikombe cha maji ya sabuni. Anachovya, anapuliza taratibu, povu linavimba mpaka linafikia ukubwa wa chungwa na kuning'inia kwenye ncha ya bua. Yeye anataka liruke. Mimi namwomba alishike kwanza, maana ninachokitaka kiko juu ya ngozi yake: rangi za zambarau, kijani na dhahabu zinakimbizana, visulisuli vidogo vinazaliwa karibu na bua, vinamezana, vinabaki viwili vitatu vikubwa. Kisha pwa! Limepasuka, na mtoto ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelipasua.

Ngozi ile ina unene wa kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Maji yaliyomo yanaweza kwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma. Juu na chini hayana pa kwenda. Wanafizikia huiita hali hiyo dimensheni mbili. Mimi nitaiita bapa, na kila kiduara cha maji au hewa nitakiita kisulisuli hata pale ambapo hakuna upepo wala vumbi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mfaransa Yves Couder alitandaza utando wa sabuni kwenye fremu, akaburuta safu ya vijiti ndani yake na kupiga picha. Alitaka kuona kwa macho jambo ambalo hesabu zilikuwa zimeshalidai: kwamba katika maji bapa fujo ya visulisuli, yaani msukosuko, haivunjivunji vikubwa kuwa vidogo. Inakusanya vidogo na kujenga vikubwa.

Wengi wetu tumefundishwa kinyume chake, na si kwa uongo. Koroga sufuria ya maji kwa mwiko. Mzunguko mkubwa wa mwiko unazaa midogo, midogo inazaa midogo zaidi, mpaka mnato wa maji unaimaliza na kilichobaki ni joto kidogo sana. Mwingereza Lewis Fry Richardson aliieleza ngazi hiyo ya kushuka mwaka 1922, na Mrusi Kolmogorov akaipa hesabu zake mwaka 1941. Kabla yao, mwaka 1877, Mfaransa Boussinesq alikuwa ameshatoa ushauri ambao mainjinia wanautumia hadi leo: uchukulie msukosuko kama mnato wa ziada. Mkondo mkuu unasonga, msukosuko unaubana na kuunyonya. Kwenye mabomba ya maji ushauri huo unafaa sana.

Tatizo ni pale ushauri wa bomba unapogeuzwa kuwa imani. Hapo nadhani kosa halikuwa la hesabu, lilikuwa la mazoea ya kugawa. Mwaka 1895 Osborne Reynolds aliugawa mwendo wa maji mafungu mawili: wastani, na kinachobaki baada ya kuutoa wastani. Mgawo huo ni halali na sijui kazi yoyote ya maana katika fani hii isiyoutumia. Ila ukishakiita kitu "kinachobaki", utakitendea kama makapi. Wastani unakuwa mwenye nyumba, visulisuli vinakuwa wapangaji wasiolipa kodi. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba katika maji bapa, mara nyingi, mambo yako kinyume: wapangaji ndio waliojenga nyumba, na wanaendelea kuilipia kila siku.

Wanasayansi wa hali ya hewa walilisikia hili mapema kuliko wengine. Harold Jeffreys alidai mwaka 1926 kwamba pepo kuu za dunia haziwezi kudumu bila visulisuli vya kubeba momenta (tungamo la hewa mara kasi yake) kutoka latitudo moja hadi nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Victor Starr na wenzake pale chuo cha MIT, Marekani, walizipitia takwimu za maputo ya hali ya hewa, wakakuta kweli: visulisuli vinasukuma momenta kuelekea mahali ambapo upepo tayari una kasi, si kutoka huko. Starr aliita jambo hilo mnato hasi. Jina hilo silipendi. Bado linauweka mkondo mkuu katikati na kuvifanya visulisuli kuwa tabia ya ajabu ya mafuta yake ya kulainishia.

Afadhali tufanye hesabu. Chukua daftari mbili za duka. Ya kwanza ni ya nishati. Ya pili ni ya kitu kiitwacho enstrofi, ambacho ukikiondolea makeke ni jumla ya mraba wa kasi ambayo kila chembe inajizungusha. Katika maji bapa yasiyo na msuguano, daftari zote mbili lazima zifunge: hakuna kinachoongezeka wala kinachopotea. Na kwa kisulisuli chochote, enstrofi ni nishati yake kugawanywa kwa mraba wa upana wake, ukiacha namba zisizobadilika.

Sasa weka shilingi 100 za nishati kwenye kisulisuli chenye upana wa 1. Enstrofi yake nayo ni 100. Kisulisuli hicho kinavurugika na mali yake inagawanyika kwa warithi wawili: mmoja mwenye upana wa 2, mwingine mwenye upana wa nusu. Nani apate ngapi? Ukimpa kila mmoja 50, daftari ya nishati inafunga, lakini ya enstrofi inakataa: mkubwa ana 12.5, mdogo ana 200, jumla 212.5. Umezidisha. Kuna mgawo mmoja tu unaofunga daftari zote mbili. Mkubwa achukue 80, mdogo achukue 20. Enstrofi ya mkubwa inakuwa 20, ya mdogo inakuwa 80, jumla 100. Hakuna ujanja mwingine.

Yaani nishati haikupanda kwenye vikubwa kwa kupenda mpangilio. Ililazimishwa na daftari ya pili. Mnorwei Ragnar Fjørtoft alilionyesha hili mwaka 1953, na si ajabu lilitoka kwake: miaka mitatu kabla, yeye, Jule Charney na John von Neumann walikuwa wametangaza utabiri wa kwanza wa hali ya hewa uliofanywa na kompyuta, na angahewa waliyoihesabu ilikuwa bapa kabisa. (Utabiri wa saa 24 ulikula karibu saa 24 za mashine. Hali ya hewa na kompyuta zilifika pamoja.) Mwaka 1967 Robert Kraichnan, aliyewahi kuwa msaidizi wa Einstein, aliikamilisha picha: ukiingiza nishati kwenye visulisuli vya kipimo fulani, nishati inapanda kwenda kwenye vipimo vikubwa, enstrofi inashuka kwenda kwenye vidogo, kila moja na njia yake.

Hesabu ya daftari inasema lazima iwe hivyo, haisemi inatokeaje. Kwa hilo fikiria donge la unga wa chapati. Weka kisulisuli cha duara ndani ya mkondo ambao upande mmoja unakwenda haraka kuliko mwingine. Mkondo unakivuta: duara linakuwa yai, yai linakuwa utepe uliolala kimshazari, utepe unazidi kuwa mwembamba. Katika dunia bapa kila chembe inabaki na kasi yake ileile ya kujizungusha, hivyo enstrofi ya utepe ni ileile ya donge. Lakini kitu chembamba chenye enstrofi ileile kina nishati ndogo. Tumeshaona, nishati inafuata mraba wa upana. Nishati iliyopungua imekwenda wapi? Kwenye mkondo uliokuwa unavuta. Kisulisuli kimekandwa, kimenyooshwa, na kazi yake imelipwa kwa yule anayekinyoosha.

Katika maji ya kawaida yenye kina, kuvuta kunaleta kinyume. Mhimili wa kisulisuli unaweza kunyooshwa kama kamba, kinakonda na kuzunguka kwa kasi zaidi, kama mchezaji wa sarakasi anayejizungusha na kukunja mikono. Nishati ya ziada anailipa mkondo mkuu. Tofauti yote kati ya mwiko kwenye sufuria na povu la mpapai iko hapo: kuna mhimili wa kunyoosha au hakuna.

Sasa nishati inapanda, inapanda, lakini chombo kina kingo. Mwisho wake nini? Kraichnan aliliona swali hili katika makala yaleyale ya 1967, akalifananisha na mgando wa Bose na Einstein, chembe zote zikirundikana kwenye hali moja ya chini kabisa. Msuguano wa sakafu ukiwa mdogo, nishati inarundikana kwenye kipimo kikubwa kuliko vyote, kile cha chombo chenyewe. Joël Sommeria, kule Grenoble, aliliona mwaka 1986 kwenye sanduku la mraba lenye zebaki ndani ya uga wa sumaku: visulisuli vidogo vilivyochochewa kwa umeme viliungana kuwa mzunguko mmoja uliojaza sanduku, ambao mara kwa mara uligeuka na kuzunguka upande wa pili. Kwenye kompyuta, ukichukua mraba ambao kingo zake zinaungana, unapata vimbunga viwili vinavyozunguka kinyume. Refusha mraba kidogo upande mmoja, vimbunga vinaweza kuacha nafasi kwa mikondo miwili inayopishana kama magari barabarani. Umbo la chombo ndilo linaloamua nani aitwe wastani.

Na hapa ndipo kuna kazi ninayoipenda kuliko zote katika fani hii. Shida kubwa ya msukosuko tangu Reynolds imekuwa deni lisilolipika. Mlinganyo wa wastani unahitaji taarifa za visulisuli viwiliviwili. Mlinganyo wa viwiliviwili unahitaji za vitatuvitatu. Vitatu vinataka vinne. Unakopa kwa huyu kumlipa yule, na hakuna siku ya kumaliza. Mwaka 2014 Jason Laurie, Guido Boffetta, Gregory Falkovich, Igor Kolokolov na Vladimir Lebedev walifanya jambo lililoonekana kama utovu wa adabu: walilifuta deni. Walisema, ndani ya kimbunga kikubwa mkondo mkuu una nguvu kiasi kwamba visulisuli havipati muda wa kushughulikiana. Kabla hakijamgusa mwenzake, kila kimoja kimeshavutwa kuwa utepe. Basi acha maongezi yao wenyewe kwa wenyewe, bakiza maongezi yao na mkubwa tu.

Ukifanya hivyo unabaki na mizani miwili, wa momenta na wa nishati, na majibu yake yanaenea kwenye kiganja. Chukua mara tatu ya nishati inayoingizwa, igawanye kwa kiwango cha msuguano, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu: hiyo ndiyo kasi ya kimbunga. Umbali kutoka katikati haumo. Soma tena: haumo. Santuri inayozunguka ina kasi zaidi ukingoni kuliko katikati. Maji yanayozunguka tundu la sinki yana kasi zaidi karibu na tundu. Kimbunga hiki, kwenye sehemu yake kubwa, kina kasi moja kila mahali. Majaribio ya kompyuta yalitoa mstari ulionyooka pale walipoutarajia.

Ile "mara tatu" inastahili kutazamwa pia. Maana yake ni kwamba ndani ya kimbunga, kwa kila shilingi moja ya nishati inayoingizwa mahali hapo, msuguano unakula shilingi tatu. Mbili zimetoka wapi? Kutoka nje, kwenye maeneo yaliyo mbali na kimbunga, ambako kinachoingizwa ni kingi kuliko kinacholiwa. Visulisuli vilivyolala kimshazari vinabeba momenta, na kwa kazi hiyo nishati inasafirishwa kuelekea ndani. Ukipima kimbunga peke yake bila kutazama pembezoni zake, hesabu haitafunga kamwe.

Wapo waliosema kufuta deni kiholela namna ile si sayansi, ni bahati. Kolokolov na Lebedev walirudi miaka miwili baadaye na maelezo ya kina ya kwa nini inafaa na wapi inafaa. Kwangu mimi funzo liko kwenye mwelekeo wa ugumu. Tumezoea kudhani mkondo ukizidi nguvu, mambo yanazidi kuwa magumu kuhesabu. Hapa mkondo ulipozidi nguvu, msukosuko ukawa mwepesi. Mkubwa anayelishwa na wadogo anawabana mpaka hawana tena la kwao, na kwa kuwabana anawafanya watabirike. (Najua kuna msomaji ameshaanza kuandika makala ya siasa kichwani. Asubiri, vimbunga havipigi kura, na daftari ya enstrofi haina mfano wake bungeni.)

Wahandisi wa nyuklia wanauishi mzunguko huohuo. Plazma, yaani gesi ya moto iliyojaa chaji za umeme, ikiwa ndani ya uga mkali wa sumaku inasonga karibu kama kitu bapa. Mlinganyo wa Hasegawa na Mima wa mwaka 1978 una umbo lilelile la mlinganyo wa Charney wa angahewa. Mwaka 1982, kwenye mashine ya ASDEX huko Garching, Ujerumani, timu ya Fritz Wagner iliongeza joto kupita kiwango fulani na ghafla plazma ikaanza kulihifadhi joto vizuri zaidi. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba ukingoni hujengeka mkondo wenye tofauti kali za kasi, unaovikatakata visulisuli vilivyokuwa vinavujisha joto.

Lakini mfano mkubwa uko angani, na hata kwa darubini ndogo utaona mistari yake. Sayari ya Mshtarii (Jupita) inajizungusha kwa chini ya saa 10. Pepo zake zimejipanga mikanda mikanda, mmoja unakwenda mashariki, wa pili magharibi, baadhi kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Peter Rhines alitoa ufunguo mwaka 1975. Kwenye sayari inayozunguka, kisulisuli kinachokua hufika ukubwa ambapo kwenda kaskazini au kusini kunakigeuza kuwa wimbi, na njia ya kupanda inazibwa upande huo. Upande wa mashariki na magharibi uko wazi. Nishati inafuata njia iliyo wazi, na matokeo yake ni mikanda.

Ni rahisi kusema. Kuthibitisha kulichukua miongo. Mwaka 1981 Andrew Ingersoll na wenzake walitumia picha za vyombo vya anga vya Voyager kupima visulisuli vya mawingu, wakasema vinailisha mikanda. Wengine wakahoji: mlichagua mawingu yapi? Wingu linaloonekana vizuri kwenye picha huenda ndilo linalokwenda upande mnaoutaka. Swali zuri, na halikujibiwa kwa hasira. Chombo cha Cassini kilipita hapo Desemba 2000, vipimo vikafanywa kwa kompyuta badala ya macho ya kuchagua, na matokeo yaliyochapishwa 2006 yalisimama upande wa Ingersoll. Visulisuli vinalisha mikanda.

Sitaki kila upepo uwekwe kwenye kapu hili. Huku kwetu, kusi ikikolea, kuna mkondo wa hewa unaopita juu ya mashariki ya Kenya na Somalia kwenye urefu wa kama kilomita 1.5, kisha unavuka bahari kuelekea India. J. Findlater aliueleza mwishoni mwa miaka ya 1960 na bado unaitwa kwa jina lake. Huo haukujengwa na visulisuli. Unasukumwa na tofauti ya kanieneo kati ya kusini na Asia, na ukuta wa nyanda za juu za Afrika Mashariki unauzuia usitawanyike magharibi. Mkondo mkuu, tena mkali, na baba yake ni mlima. Kabla ya kusifu msukosuko, uliza kwanza nani analipa.

Ubapa nao si cheti unachopewa mara moja. Kule Canberra, Hua Xia, Michael Shats na wenzao walionyesha mwaka 2011 kwamba tabaka la maji lililo nene kupita kiasi cha kuitwa bapa linaweza kujifanya bapa: kimbunga kikubwa kikishasimama, kinazima mienendo ya juu na chini. Kwa hiyo mkondo haupokei tu nishati kutoka kwa visulisuli bapa, unavilazimisha viendelee kuwa bapa.

Mshtarii inabaki na swali ambalo povu la sabuni halina. Fomula ya 2014 inataka namba mbili: nishati inayoingia na msuguano unaoitoa. Ya kwanza tunaijua kwa sura, maana sayari ile inatoa joto zaidi ya lile inalolipata kutoka kwenye Jua, na radi za dhoruba zake zimepigwa picha. Ya pili je? Duniani upepo unasuguana na ardhi, misitu, mawimbi. Mshtarii haina sakafu. Chombo cha Juno kilifika huko Julai 2016, kikapima mvutano wa sayari kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 2018 likatoka jibu: mikanda inashuka hadi kama kilomita 3,000 chini ya mawingu, kisha inakoma. Kwa sayari yenye nusukipenyo cha zaidi ya kilomita 70,000, hiyo ni ngozi tu. Na kina hicho ndicho ambacho hidrojeni, kwa kubanwa sana, inaanza kupitisha umeme vya kutosha kushikwa na uga wa sumaku wa sayari. Breki ya mikanda ile, basi, inaonekana kuwa sumaku, na wanaoitafuta thamani yake wanaisoma kwenye mikengeuko midogo ya mwendo wa Juno kila ilipopita karibu.